Mkaguzi wa nyumba asiye na leseni: je, jimbo liingilie kati?

Swali: Tunanunua nyumba yetu ya kwanza hapa Minneapolis, ya mwaka 1926, yenye besimenti. Dalali ametupa jina la mkaguzi anayemtumia siku zote, dola 475. Nilipotafuta namba ya leseni yake nikaambiwa Minnesota haitoi leseni kwa wakaguzi wa nyumba. Nyumbani Kenya hata mthamini na dalali wana bodi zao. Shemeji yangu wa Columbus, Ohio, anasema kwao kukagua bila leseni ni kosa. Je, jimbo halipaswi kuwapa leseni watu hawa? Na sisi ambao muda wetu wa ukaguzi unaisha wiki ijayo tufanyeje? — Mama Neema

Jibu: Mama Neema, shemeji yako yuko sahihi, na aliyekujibu hapo Minnesota yuko sahihi pia. Ohio ilianza kutoa leseni hizo mwaka 2019. Minnesota hakuna. Mtu anaweza kununua tochi na ngazi leo, achapishe kadi, na kesho akutoze dola 475 bila kuvunja sheria yoyote. Wala jimbo lenu haliko peke yake. Michigan, Colorado, Georgia na California nazo hazina leseni hiyo, ingawa California imefanya jambo jingine ambalo, kwa maoni yangu, lina faida kuliko leseni za majimbo kadhaa. Nitalifikia.

Swali lako la kwanza nalijibu ndiyo, jimbo litoe leseni. Ila leseni ninayoiunga mkono si ile ambayo wengi huifikiria, yaani cheti cha kwamba mtu amesoma. Mnunuzi haponzwi sana na mkaguzi asiyejua kitu. Wa namna hiyo hawadumu. Huponzwa na mkataba unaomwacha bila pa kudai, na ripoti isiyosema ni nini hakikutazamwa, na mkaguzi ambaye riziki yake inatoka kwa dalali. Leseni isiyogusa mambo hayo matatu ni ya kutundika ukutani tu.

Anza na kazi yenyewe. Mkaguzi hukaa ndani ya nyumba saa 3 hivi. Hutazama kinachoonekana bila kubomoa, huwasha na kuzima mitambo, hupanda darini, hushuka besimenti, kisha huandika ripoti. Kinyozi akikuharibu kichwa unajua siku hiyo hiyo, na humrudii tena. Kosa la mkaguzi hujificha. Hujitokeza theluji inapoyeyuka mwezi wa tatu na maji yakaanza kuingia besimenti, au miaka miwili baadaye bomba la maji taka linapoziba. Kufikia hapo mlishampa nyota 5 mtandaoni kwa sababu aliwahi kufika na alikuwa mpole kwa watoto. Na kwa kuwa watu wengi hununua nyumba mara chache mno maishani, hakuna anayepata nafasi ya kujifunza nani ana jicho na nani hana.

Anayejua ni dalali. Yeye huona wakaguzi mwaka mzima. Lakini dalali hulipwa nyumba ikiuzika, na mkaguzi anayegundua mambo mengi huvunja mauzo. Si lazima dalali awe mtu mbaya. Inatosha kwamba, pole pole, simu zake humwendea mkaguzi ambaye ripoti zake hazitishi watu. Mkaguzi naye ana mkopo wa gari wa kulipa, na analielewa hilo bila kuambiwa. Mashindano ya soko yanafanya kazi hapa, ila yanamhudumia mteja asiye wewe.

Sasa tazama jinsi sheria za hapo kwenu zilivyo. Anayekuja kupima radoni, gesi ya mionzi isiyoonekana inayotoka ardhini, katika nyumba unayonunua lazima awe na leseni ya Idara ya Afya ya Minnesota. Sharti hilo lilianza Januari 1, 2019. Fundi umeme ana leseni. Fundi bomba ana leseni. Jiji la Minneapolis lina mpango wake uitwao Truth in Sale of Housing, ambapo muuzaji lazima amlipe mtathmini aliyepewa leseni na jiji kabla ya kuuza. Kwa hiyo mtu anayeweka kikopo cha kupimia radoni juu ya meza kwa siku 2 anasimamiwa, na yule atakayekuambia kama msingi, paa, umeme na mtambo wa joto viko salama hasimamiwi na yeyote.

Kuna na jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Sheria ya Minnesota ya muuzaji kufichua kasoro za nyumba inamruhusu asitoe taarifa fulani ikiwa ripoti ya mtu wa tatu mwenye sifa imeshaieleza na mnunuzi amepewa. Mtu wa tatu mwenye sifa ni nani? Ni wakala wa serikali, au mtu yeyote ambaye muuzaji au mnunuzi anaamini, kwa sababu za kuridhisha, kwamba ana utaalamu unaohitajika. Muuzaji bado anabanwa kusema anachokijua kinachopingana na ripoti hiyo. Hata hivyo ona kilichofanyika: sheria imeegemeza haki yako juu ya mtu ambaye jimbo hilo hilo limekataa kusema ni nani. Kama ningeitwa mbele ya kamati ya bunge la jimbo huko St. Paul, hoja yangu ya kwanza ingekuwa hii, kabla sijagusa habari za mitihani.

Tuje kwenye leseni zilizopo na zinavyofanya kazi.

Watu hupenda kuhesabu saa za darasani, kwa sababu zinahesabika. Ohio inadai saa 80. Florida 120. New York 140, na 40 kati ya hizo ziwe ndani ya nyumba halisi pamoja na mkaguzi mzoefu. New Jersey ni 180. Kisha majimbo mengi huongeza mtihani wa kitaifa wenye maswali 200 ya kuchagua jibu kwa muda wa saa 4. Mtihani huo si wa mzaha, na aliyeufaulu anajua kwa nini bomba la kutolea moshi wa boila halipaswi kuinama kuelekea chini. Lakini haumfundishi mtu kutambaa kwenye kona chafu ya darini ambako ndiko tatizo liliko. Saa za uwanjani ndizo zenye uzito, na ndizo majimbo huzipunguza kwanza pale walimu wanapolalamika kwamba nyumba za mazoezi hazipatikani.

Vipengele vinavyomlinda mnunuzi huwa vimejificha mbali na hapo. Texas, iliyotangulia wengine katika jambo hili tangu miaka ya 1980, humlazimisha mkaguzi kutumia fomu moja ya ripoti. Kila kitu kwenye fomu hiyo kina visanduku vinne: kimekaguliwa, hakikukaguliwa, hakipo, kina kasoro. Linaonekana jambo dogo. Lakini sanduku la "hakikukaguliwa" ndilo linalokuambia kwamba mkaguzi hakupanda juu ya paa, nawe ukamwita mwingine kabla ya kununua. Katika jimbo lisilo na fomu, paa ambalo halikupandwa laweza kugeuka sentensi moja ya adabu ukurasa wa 31, ikifuatiwa na picha nzuri iliyopigwa kutoka bustanini. Texas pia inadai bima ya makosa ya kitaalamu isiyopungua dola 100,000 kwa tukio moja.

Massachusetts imemgusa dalali moja kwa moja. Wakala wa muuzaji haruhusiwi kukupendekezea mkaguzi fulani. Ohio imechagua njia ya katikati, kwamba dalali akitaja jina la mkaguzi lazima ataje yasiyopungua matatu, yote ya wenye leseni. Hili la Ohio si dawa kamili, maana majina yote matatu yanaweza kuwa ya marafiki, lakini linampa mnunuzi sababu ya kulinganisha.

Halafu kuna mikataba. Karibu kila mkataba wa ukaguzi una kifungu kinachosema kwamba mkaguzi akikosea, kikubwa utakachodai ni ada uliyomlipa. Kwako ni dola 475, hata kama msingi umepinda. Huko New Jersey suala hili lilifika mahakamani: mnunuzi alilipa dola 385, na mkataba ukamwekea kikomo cha nusu yake, dola 192.50, ilhali paa lililokosewa lilihitaji maelfu ya dola. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ya jimbo hilo ilikataa kifungu hicho, ikisema ni cha kinyonyaji na kinakwenda kinyume na masilahi ya umma.

Hapo ndipo California inapokuja. Haina leseni, lakini tangu miaka ya 1990 sheria yake inasema wazi kwamba kifungu cha kumwondolea mkaguzi wajibu wa uangalifu, au cha kubana dhima yake, yaani fidia anayoweza kudaiwa, isizidi ada, ni batili. Pia inamkataza mkaguzi kufanya matengenezo kwa malipo kwenye nyumba aliyoikagua ndani ya miezi 12 iliyopita, ili asibuni kasoro za kujitafutia kazi. Linganisha na Pennsylvania, ambayo sheria yake ya mwaka 2000 haitoi leseni ila inamtaka mkaguzi awe mwanachama wa chama cha kitaifa na awe na bima ya dola 100,000 kwa tukio na 500,000 kwa jumla. Nzuri, sivyo? Lakini sheria hiyo hiyo inakupa mwaka 1 tu wa kushtaki tangu siku ulipokabidhiwa ripoti, na kasoro za maji huweza kulala zaidi ya hapo. California inatoa miaka 4. Ndiyo maana nasema, usiulize tu kama jimbo lina leseni. Uliza sheria imeandika nini.

Wanaopinga leseni nao hawasemi upuuzi wote. Hoja yao kubwa ni kwamba leseni hutungwa na waliokwisha kuingia ili kuwafungia nje wanaotaka kuingia. Ni kweli kwamba vyama vya wakaguzi ndivyo huandika rasimu nyingi za sheria hizi, na kwamba baadhi ya sheria huwapitisha wakongwe bila mtihani huku kijana mgeni akidaiwa saa zote. Mhamiaji aliyekuwa fundi mjenzi Mombasa kwa miaka 20 atarudishwa darasani kama wengine. Bodi inayojaa wakaguzi watupu huwa mpole kwa mkaguzi mwenzao. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya bodi ya madaktari wa meno ya North Carolina, iliamua kwamba bodi inayotawaliwa na wanataaluma walio sokoni haina kinga dhidi ya sheria za ushindani isipokuwa jimbo linaisimamia kwa karibu. Yeyote atakayeandika muswada wa Minnesota aanze na uamuzi huo mezani. Wanunuzi na watu wasio wakaguzi wawe na viti vya kutosha, na maamuzi ya nidhamu yachapishwe.

Hoja yao nyingine ni kwamba leseni humpa mnunuzi imani ya bure. Nakubali nusu. Leseni huonyesha kiwango cha chini, na watu huisoma kama sifa ya ubora. Lakini dawa ya hilo ni kuandika kwenye ripoti yenyewe ukaguzi unaishia wapi. Kuacha kila mtu aingie hakuponyi kitu.

Mambo haya pia hayadumu yenyewe. Kansas ilikuwa na sheria ya kuwasajili wakaguzi, ikaachwa ikaisha muda wake mwaka 2013. Na leseni haisaidii kitu mnunuzi akiachana na ukaguzi kabisa ili ofa yake ikubaliwe, kama wengi walivyofanya soko lilipochemka mwaka 2021. Massachusetts imeliona hilo: kuanzia Oktoba 15, 2025, muuzaji haruhusiwi kuifanya ofa itegemee mnunuzi kuacha ukaguzi.

Hayo ndiyo maoni yangu kuhusu jimbo. Sasa nyumba yenu.

Wiki hii, bila leseni ya kutegemea

Kwa kuwa Minnesota haijakuandikia kinga, nyingine unaweza kujiandikia mwenyewe kwenye mkataba, na inawezekana ndani ya siku mlizobakiwa nazo. Kwanza hakikisha siku hizo ni ngapi hasa. Soma kipengele cha ukaguzi kwenye mkataba wa ununuzi: mara nyingi ni siku 5 hadi 10 tangu pande zote mbili zilipotia sahihi, na zikipita bila barua yenu ya maandishi, arbuni yenu inaweza kupotea mkijitoa kwa sababu ya kasoro. Kumwambia dalali kwa simu hakutoshi.

Usimkatae mkaguzi wa dalali kwa sababu tu katoka kwa dalali. Tafuta wengine wawili, uwaulize wote watatu mambo yale yale. Omba ripoti ya nyumba nyingine aliyoikagua, iwe na umri kama wa yenu, majina yakiwa yamefutwa. Ripoti nzuri ya nyumba ya miaka 100 ina picha ya ndani ya sanduku la umeme likiwa limefunguliwa kifuniko, picha za darini, na maneno ya wazi kuhusu sehemu ambazo hazikufikika. Ukiona kila kasoro imemalizwa kwa "pendekeza mtaalamu aangalie" bila kusema ni kwa nini na ni kwa haraka gani, huyo anajikinga mwenyewe.

Uliza kama amefaulu mtihani wa kitaifa niliokwisha kuutaja, na akutumie barua ya matokeo. Kwa jimbo lisilo na leseni hicho ndicho kipimo kilicho karibu zaidi na leseni ya jirani. Uanachama wa vyama hutofautiana sana kwa uzito. Cheo cha mkaguzi aliyeidhinishwa wa ASHI, chama cha wakaguzi wa nyumba cha Marekani, hudai mtihani huo pamoja na ukaguzi wa kulipwa usiopungua 250. InterNACHI, chama kingine cha wakaguzi, ina masomo mazuri, lakini mtihani wake wa kuingia hufanywa mtandaoni, kwa hiyo nembo yake kwenye shati peke yake haikuambii amekagua nyumba ngapi.

Kisha bima. Hapa watu huridhika na neno "nina bima". Kuna mbili. Ya kwanza hulipa akivunja dirisha lenu au akianguka ngazini. Ya pili, ya makosa ya kitaalamu, ndiyo hulipa akikosa kuona kasoro, na ndiyo wengi hawana. Omba cheti kitumwe na kampuni ya bima yenyewe, kikiwa na kiwango cha dola 100,000 au zaidi. Tena ujue jinsi bima hii inavyofanya kazi: nyingi hulipa madai yanayoletwa wakati bima ingali hai; kuwa hai siku ya ukaguzi peke yake hakutoshi. Mkaguzi akifunga biashara mwakani na kuacha kuilipia, dai lenu la mwaka kesho kutwa halina mlipaji. Kwa sababu hiyo aliyekaa kazini miaka mingi na mwenye kampuni inayoajiri watu ana nafuu fulani kuliko kijana mwenye bei ya chini.

Mkataba uombe angalau siku moja kabla. Ukiletewa mlangoni asubuhi ya ukaguzi mtatia sahihi bila kusoma, kila mtu hufanya hivyo. Tafuta kifungu cha kikomo cha dhima. Mwandikie barua pepe: ama akifute, ama kikomo kilingane na bima yake. Wengine watakubali kwa nyongeza ya ada, ilipeni. Angalia pia muda wa kudai, kama umefupishwa kuwa mwaka 1, na kama mnalazimishwa kwenda kwa msuluhishi badala ya mahakama. Akikataa kila kitu, nendeni kwa yule wa pili kwenye orodha yenu.

Ripoti ya jiji ya muuzaji, ile ya mpango wa Truth in Sale of Housing, isomeni, lakini msiipokee kama mbadala. Yule mtathmini hufuata fomu fupi ya jiji, kazi yake ni hatari za wazi na marekebisho ambayo jiji linayadai, na ripoti si dhamana. Mthamini wa benki ndiyo kabisa, yeye anapima thamani ya nyumba kwa ajili ya mkopo. Wakopaji wa FHA, yaani wa mikopo ya nyumba inayodhaminiwa na serikali kuu, hupewa hata karatasi inayowaonya kwamba uthamini si ukaguzi.

Nyumba ya mwaka 1926 ina maradhi yake, na mengi yako nje ya ukaguzi wa kawaida. La kwanza ni bomba la maji taka linalotoka nyumbani hadi barabarani. La enzi hizo ni la vigae vya udongo vilivyounganishwa vipande vipande, na mizizi ya miti ya mtaani hupenya kwenye viungo. Bomba hilo ni mali ya mwenye nyumba, na kulibadilisha ni maelfu ya dola, zaidi ikibidi kuvunja barabara. Kamera ya kupitisha ndani yake hugharimu takriban dola 150 hadi 300. Kama fedha zinatosha kwa kipimo kimoja tu cha ziada, chukueni hiki.

Cha pili ni radoni. Idara ya Afya ya Minnesota inasema nyumba 2 kati ya kila 5 zina kiwango cha juu. Kipimo hukaa besimenti, au ghorofa ya chini inayotumika, saa zisizopungua 48, madirisha na milango ya nje ikiwa imefungwa tangu saa 12 kabla ya kuanza. Kinachoharibu matokeo ni muuzaji anayefungua madirisha ili upepo upite, kwa hiyo waambieni kwa maandishi. Matokeo yakiwa pikokuri 4 kwa lita au zaidi, wekeni feni ya kuivuta gesi hiyo. Mara nyingi ni kati ya dola 1,500 na 3,000, na hiyo ni bei ya kujadiliana na muuzaji.

Bomba la maji safi linaloingia besimenti lipimeni kwa sumaku na kisu. Sumaku ikishika ni chuma. Isiposhika, na ukikwaruza taratibu bomba likawa laini lenye kung'aa kijivu, hayo ni madini ya risasi. Watoa huduma za maji walitakiwa wawe na orodha ya aina za mabomba yao kufikia Oktoba 16, 2024, basi ulizeni na jiji pia.

Darini, mkaguzi atazame kama kuna chembe nyepesi za kahawia zinazometameta zilizomwagwa kuzuia baridi. Hizo zichukuliwe kuwa zina asbesto hadi kipimo kionyeshe vinginevyo, msizifagie. Atazame pia waya za zamani zinazopita juu ya vigingi vya kauri. Waya hizo zikifunikwa na sufi ya kuzuia baridi hupata joto kupita kiasi, na baadhi ya kampuni za bima ya nyumba hukataa kuikatia bima nyumba iliyo nazo. Pigieni kampuni yenu ya bima kabla muda wa kujitoa haujaisha. Baadaye mtakuwa mmefungwa pande zote mbili.

Maji besimenti mara nyingi hayatokani na msingi mbovu. Hutokana na gata zilizoziba au mabomba ya gata yanayomwaga maji mguuni mwa ukuta. Ardhi ya nje inapaswa kushuka sentimita 15 hivi katika mita 3 za kwanza kutoka ukutani. Ikiwa inainamia nyumba, mkaguzi aseme hivyo, kwa sababu udongo ni wa bei nafuu na ukuta wa msingi si wa bei nafuu. Ufa uliosimama wima na mwembamba si habari kubwa. Ufa unaolala, katikati ya ukuta, na ukuta umefura kuelekea ndani, huo mwiteni mhandisi wa majengo mwenye leseni, msitosheke na mkaguzi.

Mtambo wa kupasha joto mkaguzi huuwasha na kuusikiliza, lakini sehemu ya ndani inayotenganisha moto na hewa mnayovuta haionekani yote bila kufungua. Mtambo ukiwa na zaidi ya miaka 15, fundi wa mitambo ya joto aufungue. Siku ya ukaguzi hakikisheni gesi, maji na umeme vimewashwa, na kama nyumba imekaa bila watu majira ya baridi hili lipangwe mapema. Nendeni wenyewe, saa zote 3. Kama baba au mama mkubwa atakayeishi nanyi hasikii Kiingereza vizuri, mwambieni mkaguzi ili asimame na kueleza valvu ya kufungia maji na swichi kuu ziko wapi.

Ripoti itakuja na kurasa 50. Msiitume yote kwa muuzaji kama orodha ya madai. Chagueni ya hatari, ya maji, ya msingi, na ya mitambo mikubwa, mpate bei ya fundi kwa kila moja, muombe punguzo la bei au marekebisho yafanywe na mafundi wenye leseni kwa risiti. Rangi iliyobanduka iacheni.

Na ikitokea mwakani mkakuta kasoro ambayo ilipaswa kuonekana, msiitengeneze kwanza. Mikataba mingi inataka mkaguzi apewe taarifa ya maandishi na nafasi ya kuja kutazama. Mkitengeneza kabla, dai linakufa. Pigeni picha, zuieni maji yasiendelee kuingia, tumeni barua yenye kuonyesha imepokelewa. Minnesota hakuna bodi ya kumshtakia, lakini ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo hupokea malalamiko ya walaji, na mahakama ya madai madogo inasikiliza madai ya hadi dola 20,000 tangu Agosti 2024, wala hamlazimiki kuwa na wakili. Dai dhidi ya muuzaji aliyeficha anachokijua lina muda wake, miaka 2 tangu siku ya kukamilisha ununuzi, kwa hiyo fomu yake ya ufichuzi na ripoti ya jiji ziwekeni pamoja na hati za nyumba.